Ndoo Iliyorudi Nusu

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani, kidato cha tatu, mwalimu akiniita nasimama vizuri tu, ila maneno yanabaki yamekaa. Nyumbani Kilosa, ninakoishi na Bibi, wameshanizoea. Mgeni akija natoa shikamoo, napokea mzigo, napotelea jikoni. Nafikiri ndiyo maana watu wananiambia mambo yao. Wanaona kumwambia mtu asiyesema ni kama kuliambia gunia la mahindi.

Ndivyo Mama mdogo alivyoniambia mimi, kabla ya mtu mwingine yeyote, kwamba harudi tena chuoni.

Tulikuwa uani tunapukuchua mahindi ya Bibi. Ilikuwa likizo ya Juni. Mtoto wake alikuwa amelala kwenye mkeka kati yetu, amefunikwa upande wa khanga kwa ajili ya inzi.

"Nikikwambia kitu utakaa nacho?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Likizo ya uzazi ikiisha, sirudi kufundisha. Nitatafuta kazi huku huku. Watu wa ujenzi wanatakiwa kila halmashauri. Jumamosi tukienda Mikumi nitawaambia wenzangu uso kwa uso, maana kwa simu si heshima."

Niliendelea kupukuchua. Gunzi lilikuwa limeshaisha punje lakini nililigeuza geuza tu. Mwisho nikasema, "Na Alhamisi?"

Alhamisi ndiyo siku yake ya kufundisha. Akiwa huku likizo, zamani, ilikuwa ikifika Alhamisi anatembea uani anaongea peke yake na mkono unachora hewani.

"Alhamisi ina mwenyewe sasa," akasema.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu wa kuzaliwa, ambaye anafanya biashara ya mchele Morogoro na huja mwisho wa mwezi. Mama mdogo anafundisha uhandisi wa ujenzi chuoni Dar es Salaam: mihimili, nguzo, madaraja. Kwenye idara yao mwanamke ni yeye peke yake. Alikuja kujifungulia kwetu kwa sababu Bibi alisema mtoto wa kwanza hudondokea mikononi mwa bibi yake, na neno la Bibi hapa nyumbani halina rufaa. Mume wake yuko kwenye ujenzi Kigoma, anapiga simu kila jioni kuuliza kama mtoto amenyonya.

Sasa niseme na langu, maana haya ni maandishi yangu na hapa sina wa kumwonea aibu. Mimi nataka kuwa kama yeye. Sijamwambia mtu. Miaka miwili alikuwa akija na kupima vidaraja vya bonde la Mkondoa, vile vidogo vya barabara za mashambani vinavyopigwa na mafuriko, na mimi ndiye niliyekuwa nashika ncha ya tepu. Anasoma namba, naandika, hatuongei, na nilikuwa sijawahi kufurahi namna ile na mtu. Kwa hiyo aliposema harudi, sikumhurumia yeye kwanza. Nilijihurumia mimi. Kama yeye ameshuka, mimi ninayetetemeka kusoma ufahamu kwa sauti nitapandia wapi?

Hao wenzake aliotaka kuwaambia ni walimu wa uhandisi kama yeye, wanawake, kila mmoja chuo chake. Kundi lao lilianzia kwenye ufunguo wa choo. Mama mdogo ameisimulia hiyo hadithi mara nyingi hadi Bibi anaweza kuimalizia. Alikuwa amekwenda kwenye semina kwenye chuo kimoja, jengo la wahandisi, ghorofa tatu, choo cha kike hakuna. Kipo jengo la pili na ufunguo anao katibu muhtasi, na katibu muhtasi amekwenda kula. Mlangoni akamkuta mama mwingine mtu mzima anasubiri, amefunga mikono. Yule mama akamwambia, "Wewe ni wa ujenzi? Mimi wa maji. Miaka yote hii wanajua kupeleka maji kijijini, hapa wameshindwa kunipa mahali pa kuyaachia." Walicheka mpaka haja yenyewe ikawa balaa. Katibu muhtasi aliporudi walikuwa wameshapeana namba.

Wakatafutana. Mmoja akamjua mwingine. Sasa wako wengi kidogo, na kundi lao la simu linaitwa Ufunguo. Humo wanaulizana kila kitu: namna ya kumjibu mkuu wa idara anayekutuma chai kwenye kikao, barua ya kupanda cheo inaandikwaje, nani anayo nafasi ya mwanafunzi wa kike wa mazoezi kwa vitendo. Wana sheria moja tu. Mwenzio akielemewa, huulizi, unabeba.

Basi Mama mdogo alipokuja kujifungua, wakabeba.

Yule wa maji, ambaye mimi namwita Mama wa Maji kwa vile hapa sitaji majina, akachukua kipindi chake cha Alhamisi. Mwingine wa umeme, kijana kuliko wote, anafundisha Mbeya, huyo ni Dada wa Umeme, akachukua wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho na kuwasimamia kwa simu na kompyuta. Wengine wakasahihisha mitihani. Kila siku simu inalia kwenye kundi: "Dokta pumzika, limekwisha hilo." "Mama kijacho usishike kalamu." Na baada ya kujifungua, "Mzazi lala, tupo." Mwanzoni Mama mdogo alikuwa anatusomea kwa sauti na machozi yanamlengalenga. Bibi, ambaye hajawahi kuwaona, akawa anawaombea dua kila baada ya swala.

Halafu kulikuwa na ule mkutano wa wahandisi. Mama mdogo alitakiwa kusimama kueleza utafiti wake wa vidaraja, vile tulivyopima. Mtoto alikuwa na wiki chache. Mama wa Maji akasimama badala yake. Jina la Mama mdogo lilikuwa pale mbele kubwa, hakuna aliyemwibia kitu, hilo nataka lieleweke. Wakamrushia video. Tuliitazama pamoja kitandani, kichwa changu begani kwake. Mama wa Maji anaongea kama mtu anayemimina uji, haukatiki. Alichekesha watu. Alionyesha ile picha ya kidaraja ambayo pembeni unaonekana mkono wangu umeshika tepu. Mwisho watu wakapiga makofi kwa kusimama.

Mama mdogo akatabasamu. Akatazama tena mara ya pili. Kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya shuka.

"Amesema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi," akasema.

Tangu siku hiyo alikuwa akiandikiwa "lala, tupo," analala kweli. Hakutusomea tena. Kompyuta yake ikawa juu ya kabati na Bibi akaweka tungule, nyanya mbichi, juu yake ziive.

Nisimlaumu Bibi. Bibi alikuwa na furaha. Binti yake yuko nyumbani, ananenepa, ana mtoto mgongoni. Kwetu mzazi ni yai. Siku arobaini hagusi maji ya baridi, hainami, habebi. Bibi alimpikia uji wa pilipili manga mpaka mimi nikawa natoka jasho kwa harufu tu. Na majirani wa mtaa wetu wana utaratibu wao ambao nilidhani upo dunia nzima mpaka nilipokwenda Mikumi. Mzazi akiingia ndani, kila jirani anachukua kazi moja ya mzazi. Si ya nyumba, ya kwake yeye. Na anachukua na chombo chake. Anayefua anachukua beseni la mzazi. Mama muuza maandazi wa nyumba ya pili alichukua ndoo ya Mama mdogo, ile ya bluu, akawa anamchotea maji bombani kila asubuhi.

Siku ya arobaini wanarudisha. Ni kama sherehe ila hakuna ngoma. Mzazi anatolewa nje na mtoto, anakaa kwenye kiti, na mmoja mmoja anakuja kumwekea chombo chake miguuni. "Haya, kazi yako hiyo." Utani unakuwa mwingi. Mama maandazi alimwambia, "Ndoo yako hii, dokta. Nimeibeba mpaka shingo imeingia tumboni. Hata usome uhandisi wote, maji hayapandi kichwani yenyewe." Watu wakacheka. Mama mdogo akainuka, akajitwika ile ndoo, akatembea nayo mpaka jikoni. Umbali wa kutupa jiwe. Lakini uso wake. Sijui niuelezeje. Kama mtu aliyekuwa amepotelewa na kitu chake mwenyewe akakiona mkononi mwa mwenye nia njema, akarudishiwa.

Wakati huo sikufikiri chochote. Niliona tu uso.

Jumamosi tukapanda gari, Noah ya alfajiri, kwenda Mikumi. Mama mdogo kakaa mbele, mimi nyuma nimempakata mtoto. Wanakutana Mikumi kwa sababu ndiko katikati. Wa Mbeya na Iringa wanashuka, wa Dar na Morogoro wanapanda, na barabara kuu inawaleta wote mlango mmoja. Wana nyumba ya wageni moja wanayoipenda, si ile ya watalii, hii ina ua mpana na mpishi anayejua kuku wa kienyeji. Ng'ambo kuna gereji ya malori, na nyani wanakaa ukutani kama wanaosubiri zamu ya kuoshewa gari.

Safari hii wengi walibanwa na mitihani, wakaja wawili tu, haohao niliowataja. Mama wa Maji alizidi matarajio yangu kwa upana na kwa sauti. Nilipotoa shikamoo alisema "Marahaba mwanangu" kabla sijafika mwisho, akamchukua mtoto, akamnusa shingo. Dada wa Umeme alikuwa mwembamba, amevaa raba, na dakika ya kwanza alikuwa ameshaifungua swichi ya ukutani chumbani kwao kwa bisibisi ya kwenye begi lake.

"Inacheza," akaniambia. "Siwezi kulala na swichi inayocheza."

Mama wa Maji na Mama mdogo walikwenda kuagiza chakula. Mimi nikabaki namshikia Dada wa Umeme tochi ya simu, mtoto mgongoni. Yeye haniangalii, anaangalia nyaya, na hilo ndilo lililonisaidia. Mtu akiniangalia siwezi.

"Mama yako mdogo vipi?" akauliza. "Kwenye kundi amekuwa kimya. Anachoka sana na mtoto?"

"Hachoki," nikasema.

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Sasa?"

Nilikuwa nimeahidi kukaa na siri na nilikaa nayo. Sikusema harudi. Nilisema tu kitu nilichokuwa nakiona kila siku. "Hana kazi," nikasema. "Mmezimaliza zote."

Bisibisi ikasimama. Hakugeuka kunitazama, namshukuru mpaka leo. Alikaza skrubu ya mwisho, akawasha, akazima, akawasha. "Asante," akasema, na sikujua asante ni ya tochi au ya nini.

Chakula tulikula nje. Mbele ya mlango wa ile nyumba kuna kibaraza cha zege kilichochomoza kutoka ukutani kukinga mvua, na kwenye ncha yake kuna mrunda mmoja umekitegemeza, ile miti wanayosimamisha mafundi wakati wa kumwaga zege. Huu ulikuwa umepakwa rangi nyeupe na bluu na umeviringishwa taa za sikukuu. Wahandisi watatu chini ya zege moja hawali. Wanatazama juu. Kuku alikuwa anapoa.

"Ufa huo unauona?" Mama wa Maji akasema.

"Niliuona tangu nashuka kwenye gari," Mama mdogo akajibu, na hapo hapo akainamia sahani yake, kama aliyejibu swali la mtu mwingine.

Dada wa Umeme akanitazama mara moja, haraka, kisha akamgeukia yeye. "Mimi wa nyaya sielewi. Na huyu mtoto wa shule naye haelewi. Tueleze."

"Mama wa Maji atawaeleza, anaeleza vizuri."

"Mimi najua mabomba," Mama wa Maji akasema mdomo umejaa. "Zege ni lako."

Nikaona mkono wa Mama mdogo umetoka mezani, umeanza kuchora hewani.

"Haya. Ukiwa na ubao umechomoza ukutani hivi, ncha yake inataka kuinama. Inapoinama, juu ndiko kunakovutika. Zege haliwezi kuvutwa, linapasuka. Kwa hiyo nondo unaziweka juu. Sawa?" Alikuwa ananitazama mimi. Nikaitikia. "Wakati wa kumwaga unaweka mrunda, lazima, zege bichi halijiwezi. Likikomaa unautoa. Sasa huyu fundi alikuwa mtu mwema. Akaona aibu kuutoa, akafikiri kibaraza kitachoka, akauacha moja kwa moja, akaupaka na rangi. Lakini ukikishikilia kwenye ncha, kinabadilika. Hakivutiki tena juu, kinavutika chini, katikati. Na chini hakuna nondo, hakikuumbwa kubebwa hapo. Ndiyo maana kimepasuka chini, mnaona? Angekiacha kijibebe kisingepata..."

Hakumaliza. Sauti yake ilikuwa imeshapanda, sauti ya Alhamisi, na ghafla ikashuka kama bomba lililofungwa. Dada wa Umeme alikuwa anaangalia meza. Mama wa Maji alikuwa ameweka paja la kuku chini.

"Nilitaka kuwaambia kitu leo," Mama mdogo akasema. "Sirudi. Nimeamua kuacha kufundisha."

Nilitegemea kelele. Mama wa Maji alinyamaza, na mtu mwenye sauti kubwa akinyamaza unaona kama umeme umekatika.

"Kwa sababu gani?" akauliza mwishowe, taratibu.

"Hamna aliyenikosea. Mmefanya yote. Mmefanya vizuri mno. Nilivyoiona ile video nikajua sina pengo nililoacha. Darasa linakwenda, wanafunzi wanakwenda, utafiti umekwenda. Kiti kimekaa bila mimi, wala hakijayumba."

"Ngoja," Mama wa Maji akasema, na hapo nikaona ameumia. "Nimefundisha zege mimi, mtu wa maji, na homa mwilini. Nilikesha kusoma nondo zako nisije nikaadhirika. Leo naambiwa nimekufukuza kazi?"

"Sijasema hivyo, dada."

"Umesema hivyo hivyo kwa adabu."

Mtoto akaanza kulia mgongoni kwangu. Nikasimama kumbembeleza, nazunguka zunguka pale pale, sikutaka kwenda mbali. Ilikuwa kama mimi ndiye ninayefukuzwa.

Dada wa Umeme ndiye aliyesema. "Mwambie ukweli wa Alhamisi."

"Upi?"

"Dada, mwambie."

Mama wa Maji akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Wanafunzi wako hawanitaki," akasema. "Haya. Umefurahi? Kila kipindi mmoja ananyoosha mkono: madam anarudi lini. Swali la kwanza lililonishinda ni hilohilo la kibaraza. Nilizunguka, nikachora, nikafuta, mwisho nikawaambia someni wenyewe nyumbani. Na ule mkutano, baada ya makofi, mzee mmoja aliniuliza kwa nini ulichagua vile vidaraja ukaacha vingine. Sikujua. Nikasema ataeleza mwenyewe akirudi. Video tuliikata pale kwenye makofi."

"Na wale wa mwaka wa mwisho," Dada wa Umeme akasema, "wawili wamegombana hawaongei, na mmoja anataka kuacha. Mimi wananiogopa. Wewe wanakulilia."

Mama mdogo alikuwa anawatazama mmoja baada ya mwingine. "Mbona hamkuniambia?"

"Tulitaka upumzike."

"Miezi yote hii mnaniandikia 'limekwisha hilo'?"

"Ungelala usingizi gani tungekuandikia halijaisha?"

Hapo Mama mdogo akaanza kucheka, halafu ikawa si kicheko, akajifunika uso kwa mtandio. Mama wa Maji akahamisha kiti chake, mwili wote ule, akakaa naye bega kwa bega. Akampiga piga mgongo kwa kiganja kile kile alichombebea mtoto. Baada ya muda akatazama juu, kwenye ule mrunda wenye taa.

"Na siku ya kuutoa tunaitungia maswali ya mtihani kila mwaka," akasema. "Tumesahau kujipangia ya kwetu."

Mama mdogo akafuta macho. "Nirudishieni ndoo yangu," akasema.

Wenzake wakatazamana. "Ndoo gani?"

Na yeye, kwa vile alikuwa bado amebanwa na kilio, akanionyesha mimi kwa kidevu. Nieleze. Mimi. Wote watatu wakanigeukia, na mpishi naye alikuwa amesimama mlangoni. Ningeweza kukimbilia jikoni. Lakini jikoni si kwetu, na mtoto alikuwa ametulia, na nilijua hakuna mtu mwingine pale anayejua habari ya ndoo.

"Kwetu," nikasema, nikakohoa, nikaanza upya. "Kwetu mzazi akiwa ndani jirani anamchotea maji kwa ndoo yake. Ya mzazi. Siku ya arobaini anamrudishia."

"Ikiwa tupu au ina maji?" Mama wa Maji akauliza. Hakuwa anatania. Aliuliza kama daktari anavyouliza umekula nini.

Hilo lilikuwa swali zuri na nilijua jibu lake. "Nusu," nikasema. "Ikiwa tupu ni kama unamwambia haya, hangaika peke yako. Ikijaa inamlemea, maana bado hajapata nguvu. Inarudi nusu."

Hakuna aliyecheka. Mama wa Maji alirudia neno hilo kwa mdomo tu, bila sauti, nusu, huku anaitazama sahani. Kisha akasema, "Laiti hii ningewekewa kwenye vitabu vyangu mapema," na akaninyooshea lile paja lake la kuku alilokuwa ameliweka chini. Nilikula nimesimama, mtoto mgongoni. Sijawahi kula kuku mtamu kama yule, na alikuwa ameshapoa.

Mchana ule wote walirudishiana. Walikaa na chai, wakazigawa kazi upya kwa mdomo, moja moja, hii utaichukua lini, hii nusu yake nani anabaki nayo. Mama mdogo alikataa baadhi. "Kusahihisha endeleeni kidogo, sina haraka," akasema, na Dada wa Umeme akamwita mjanja. Ile kazi ya wanafunzi waliogombana aliitaka siku hiyo hiyo. Aliwapigia simu pale pale, akatembea uani anaongea, akapita chini ya kibaraza kile mara kadhaa. Hakusema anarudi. Sikumsikia akilisema hilo neno. Na kwenye gari la kurudi Kilosa alilala, kwa hiyo niliingia nyumbani bado sijui.

Jumatano jioni nilimkuta anaondoa tungule za Bibi juu ya kompyuta.

"Unataka nini huko?" Bibi akauliza.

"Kesho nina kipindi, mama. Nusu."

Bibi alipokea tungule moja moja kwenye upande wa khanga yake. Nilijua anachofikiri. Kipindi kikianza, safari inafuata, na treni ya umeme siku hizi inamfikisha mtu Dar kabla chai yake haijapoa. Alizipanga zile tungule dirishani, akazitazama, akasema, "Basi usiku huu mtoto alale kwangu, mwalimu apate usingizi."

Alhamisi alifunga mlango wa chumba. Mimi nilikaa barazani chini ya dirisha na mtoto mapajani, kazi yangu ilikuwa asilie. Bibi alikuwa anapepeta mchele pembeni. Tulimsikia kwanza Mama wa Maji kwenye kompyuta, sauti inamiminika, anafundisha na kutania. Kisha akasema, "Mimi ndoo nimeifikisha hapa. Mwenye darasa yupo."

Nilidhani mtandao umekatika. Nilianza kuomba, sijui nilikuwa naomba nini hasa.

"Habari zenu," Mama mdogo akasema.

Kukalipuka shikamoo za watu wengi, hazikuanza pamoja wala hazikuisha pamoja, na katikati yake kicheko. Bibi akaacha kupepeta. "Wote hao ni wake?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Ni wake," nikasema.

Mama mdogo akakohoa. Akaanza na kibaraza cha zege. Mwanzo alikuwa anajikwaa, akarudia sentensi, akaomba radhi. Kisha nikasikia kiti kinasogea, amesimama, na nikajua mkono umeshaanza kuchora. Mtoto akaisikia ile sauti, akaacha kunyonya ngumi yake, akaanza kugeuza shingo kuitafuta, na shingo yenyewe bado haijakaza.

Nikamshika kisogo kwa kiganja, si kwa nguvu, nikamgeuza upande wa dirisha.